Pumzi hutangulia, mfupa hufuata: ukimbie siku ngapi kwa wiki?

Kuanzia Novemba, watu wanapoanza kujiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kazini kwangu kwenye fiziotherapia hapa Dar es Salaam naulizwa swali moja kuliko mengine yote: nikimbie siku ngapi? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu. Amejiunga na klabu ya jogging ya mtaani, amenunua raba, anatoka kila alfajiri, Jumatatu hadi Jumapili. Anachotaka kwangu ni dawa ya maumivu ya ugoko ili aendelee vilevile.

Anayeanza namwambia siku tatu, na kila baada ya siku ya kukimbia ipite walau siku moja ya kupumzika. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Wengi huona ni chache mno, kwa hiyo nieleze kwa nini nang'ang'ania hapo.

Mwili haujengeki wote kwa kasi moja. Moyo na damu ndivyo vinavyowahi: ndani ya wiki chache mapigo yanashuka, na ile njia iliyokuwa ikikukata pumzi sasa unaipita huku ukiongea. Misuli inafuata. Kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, zinataka miezi. Kwa siku ya kwanza baada ya mbio nzito, kano hupoteza nyuzi nyingi kuliko inazotengeneza. Ikiachwa itulie ndipo inaanza kuzidisha. Mfupa nao ukipata mzigo mpya huanza kwa kubomoa sehemu zilizochoka, kazi ya wiki kadhaa, kisha unajenga upya, na ujenzi huo huchukua miezi mitatu hivi. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa mwezi wa pili, ambapo pumzi imekuwa tamu kuliko wakati wowote huku mfupa bado una sehemu zilizobomolewa zisizozibwa. Hapo ndipo watu huongeza siku, na hapo ndipo ninapowapokea.

Mgonjwa wa ugoko namlaza, anakunja goti, napitisha kidole gumba taratibu ukingoni mwa mfupa upande wa ndani, kutoka juu ya kifundo kupanda. Maumivu yakiwa yametanda eneo refu, la sentimita tano au zaidi, kwa kawaida tunapunguza mbio, tunaimarisha misuli ya mashavu ya miguu, na mambo yanakwenda. Lakini kidole kikigusa sehemu moja ndogo kama sarafu, mtu akashtuka na kuvuta mguu, nasimamisha mbio siku hiyohiyo. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi hutoka safi, na hilo limewaponza wengi: wanafurahia picha, wanarudi barabarani, ufa unakua. Ukipona vizuri, mara nyingi ni wiki sita hadi nane bila kukimbia. Anayekataa siku nne za kupumzika kwa wiki ndiye huja kulipa miezi miwili kwa mkupuo.

Wapo wanaonitajia Wakenya: mbona wanariadha wa kambi za Iten na Kaptagat wanakimbia kila siku, tena mara mbili? Kweli, Eliud Kipchoge amekuwa akikimbia kilomita 200 na zaidi kwa wiki. Ila mifupa yao imezoea mzigo huo tangu utotoni, kazi yao ni hiyo, na mchana wanalala. Mbio zao nyepesi ni nyepesi kwelikweli, na huko Iten wengi Jumapili hawakimbii. Wewe ukitoka kukimbia unasimama kwenye daladala, unashinda kazini, unarudi usiku.

Ndiyo maana siku ya mapumziko nataka iwe mapumziko. Kutembea kidogo au kuogelea hakuna shida. Kubeba mizigo Kariakoo kutwa nzima, hapana. Anayefanya kazi za nguvu ahesabu kazi hiyo kama zoezi na apunguze siku za mbio.

Ukimaliza miezi mitatu ya siku tatu bila maumivu, ongeza ya nne, fupi na ya polepole, na wiki hizo usiongeze kasi wala umbali wa siku nyingine. Kwa mtu mwenye kazi na familia, nne au tano ndizo ninazopendekeza hata baada ya miaka. Siku ngumu zisiwe zaidi ya mbili na zisifuatane. Ile jogging ya pamoja ya wikiendi mara nyingi hugeuka mashindano, basi ihesabu kuwa ngumu. Kipimo kizuri mnacho wenyewe: kama huwezi kuitikia wimbo unaoimbwa na kundi, siku hiyo si nyepesi.

Mapigo ya moyo yakiwa juu kuliko kawaida yako asubuhi kabla hujatoka kitandani, na usingizi haukuja vizuri, ahirisha. Vivyo hivyo maumivu yanayozidi kadiri unavyokwenda. Ukiwa na homa, iwe malaria au mafua makali, usikimbie kabisa, kwa sababu moyo unaweza kudhurika. Anayefunga Ramadhani apunguze siku, akimbie kidogo karibu na futari au baada ya tarawehe.

Kina dada na kina mama, hili nalisema kwa msisitizo: hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa tangu uongeze mazoezi, na huna ujauzito, usidhani ni dalili ya kuwa fiti. Mara nyingi chakula hakitoshelezi mbio, na mifupa inapungua uimara. Muone daktari, na ule zaidi kabla ya kufikiria kuongeza siku.

Kwa wanaokwenda Moshi, wiki mbili za mwisho punguzeni kilomita, ya mwisho kabisa iwe na mbio mbili fupi tu. Basi kutoka Dar ni safari ya kutwa, miguu inavimba. Safirini Ijumaa, mkishuka tembeeni nusu saa, kuleni, mlale. Siku hiyo msikimbie.