Gari si samaki wa Darajani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete kanipigia simu, furaha imemjaa. "Ami, nimewashusha milioni mbili nzima!" Alitaka nende nikamtazamie gari aliyoichukua yadi ya magari huku Unguja kabla hajaivusha kwenda Pemba. Nikamuuliza kama kashalipa. Kashalipa yote. Kwa hiyo nilikwenda kukagua gari ambayo hapana tena cha kupatana.

Ilikuwa Toyota IST, chesi ya NCP60, nyeupe, imeng'arishwa mpaka mipira. Alitajiwa milioni 15, naye akataja 10. Wakavutana kutwa nzima, wakakutana 13. Kwa hali niliyoikuta, mimi nisingemwambia atoe zaidi ya 11 na nusu. Zile mbili alizoshushiwa ziliwekwa pale zipate kushushwa. Nimefanya kazi yadi miaka kadhaa kabla sijaanza kuwakagulia watu magari, na hivyo ndivyo kibandiko kinavyoandikwa: kwanza bei unayoitaka, halafu juu yake unaweka furaha ya mteja.

Nimechoka kusikia kwamba bei nzuri huipata mwenye mdomo. Taja nusu, jitie hasira, geuka uondoke, utaitwa. Watu wazima na akili zao wananiambia haya kila mwezi. Hayo ya sokoni Darajani yana sababu yake: mchuuzi wa samaki anakupunguzia jioni kwa kuwa samaki wake hatofika kesho. Gari haiozi magharibi. Mwenye yadi anayo hesabu moja kichwani, nayo ni gari imemsimamia kiasi gani mpaka kufika hapa. Wewe usipoijua hesabu hiyo unapigana na kivuli.

Na hesabu yenyewe si siri. Fungua tovuti za wauzaji wa Japani, BE FORWARD au SBT Japan, tafuta aina ileile, mwaka uleule, injini ileile, utazame bei pamoja na usafiri hadi huku. Kisha chukua namba ya chesi, mwaka na ukubwa wa injini, umpelekee wakala wa forodha akukadirie kodi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa gari ndogo ni asilimia 25 ya thamani ikiwa imeshafika, na juu yake zinapanda kodi nyengine pamoja na gharama za bandari. Usishangae kodi ikitoka kubwa kuliko ulivyodhani. TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao za magari yaliyotumika, hawategemei risiti ya mwenye gari peke yake. Ongeza faida ya muuzaji, naye ana watoto. Hapo umepata nambari ya kuanzia.

Nambari hiyo haiwi sawasawa. Muuzaji pengine alinunua mnadani kwa bei ya chini ya ile ya tovuti, au alinunua dola ikiwa bei nyengine. Mimi nimewahi kukosea kwa milioni nzima, nikamzuia mtu asichukue gari ambayo leo naiona inapita Amani ikiwa nzima kabisa. Lakini mtu mwenye makisio ya kukosea kwa milioni yuko mbele sana kuliko asiye na makisio.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Gari iliyopewa alama 4 au 4.5 ni safi, 3.5 ina makovu ya umri wake, na R maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. R si lazima uikimbie. Ninayo mimi mwenyewe. Lakini R hailipiwi bei ya 4, na mwenye yadi anayekuambia karatasi imepotea, basi panga bei yako kama kwamba umeiona na imeandikwa R.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa. Watu wanapatana "bei ya gari". Bei ya gari haipo! Ipo bei ya kutoka nayo barabarani ikiwa na kadi kwa jina lako. Nimeona mtu kashangilia milioni 12, akaja kuambiwa usajili na namba ni juu yake, bima juu yake, leseni ya njia juu yake, gharama za kuhamisha umiliki juu yake, na kama ni wa Pemba, nauli ya meli. Jirani yake kapewa 12 na nusu, kila kitu kimo, naye anaonekana mjinga aliyeshindwa kupatana. Kabla hujataja shilingi yoyote uliza: hiyo bei imeingiza nini? Akijibu "hayo madogo, tutaelewana", usiendelee. Hayo madogo yaandikwe kwanza. Muuzaji akibanwa kwenye bei anarejesha kupitia huko, nami nimekaa kwenye meza ile nikaona inavyofanywa. Na hati ya mauziano ishuhudiwe, kwa sheha wa mtaa au kwa wakili, ikiwa na namba ya chesi uliyoisoma kwa macho yako kwenye chuma, sio iliyonakiliwa kutoka kwenye kadi.

Ikiwa una nia ya kuihamishia Bara, nenda TRA uulize kabla ya kulipa arubuni. Gari iliyolipiwa kodi kwa ajili ya Zanzibar inaweza kukudai tofauti ukivuka.

Jambo jengine ni kuitukana gari. Mteja anapiga mpira teke, anasema "mkweche huu", anadhani bei itaanguka. Mwenye yadi anaijua gari yake kuliko wewe, na ukimtukania mali yake anakaza. Taja kitu kinachohesabika. Ubavuni mwa mpira kuna tarakimu nne, 1417 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mwambie kwa upole: mipira minne ni mizee, nimeuliza bei, ni kiasi hiki. Hilo halina ubishi, linatolewa kwenye bei. Tazama alama za vioo vyote, kimoja kikiwa tofauti na wenzake kimebadilishwa, uliza kwa nini. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, halafu izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa huenda wameitoa, na hapo hakuna bei ya kupatana, ondoka. Kutu vilevile. Sehemu za Japani zenye theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani, inakula chini ya gari, kisha inakuja kwetu ambako bahari imetuzunguka. Lala chini utazame. Kilomita sitaki hata kuziongelea, kwani zinarudishwa nyuma. Tazama raba ya pedali na sukani zimelika kiasi gani.

Ufike asubuhi. Ukikuta boneti ina joto, wamekuwashia mapema ili usisikie injini ikiamka baridi. Aga, urudi kesho bila kutoa taarifa.

Kinachonikosesha usingizi ni giaboksi ya otomatiki. Nitaendesha dakika 20, nitanusa mafuta yake, nitapanda nayo na kushuka, nikushike mkono niseme iko sawa. Mwaka juzi nilimpitishia mama mmoja wa Jang'ombe gari ya Toyota Noah, wiki ya tatu ikaanza kuteleza. Yeye hakunilaumu, lakini kila nikipita kwao natazama pembeni. Tangu hapo namwambia kila mteja abakishe fedha za giaboksi mfukoni, na akishindwa kubakisha achukue gari ya chini yake.

Je, mwenye yadi hashuki chini ya hesabu yake? Hushuka, gari ikimkalia. Uliza imeingia lini, hati za forodha zina tarehe. Iliyokaa miezi sita imemfungia mtaji, na meli nyengine ikiteremsha magari Malindi ndio presha inampanda. Hapo taja nambari yako mara moja na sababu zake, acha namba ya simu, nenda nyumbani. Kuna waliopigiwa siku ya pili, wengine baada ya wiki tatu. Wapo ambao hawakupigiwa hadi leo, na wamenunua kwengine.

Yule kijana aliniuliza kama anaweza kurudi kudai chochote. Tulikwenda pamoja, nikaongea na mwenye yadi kwa adabu, tukampata fundi wa AC bure. Mipira walikataa, na hati kashasaini. Ya nyuma imeandikwa 1816. Nimemwambia anunue miwili hapahapa mjini kabla hajaipakia melini, maana akishuka Mkoani ana Pemba nzima ya kupita mpaka afike Wete, na wakati huu ni wa mvua.