Ruta Yako Nyuma ya Kisanduku cha Mtoa Huduma: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kisanduku anachopewa mteja na mtoa huduma wa intaneti kwa kawaida ni vifaa vitatu vilivyokaa ndani ya gamba moja: modemu, inayopokea na kutafsiri mawimbi ya kebo au ya laini ya simu, ruta, inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani na kuamua data iende wapi, na kituo cha kurushia Wi-Fi. Kwa kuwa kwa nje hicho ni kitu kimoja, anayejinunulia ruta hushindwa kujua hasa anabadilisha nini, na dhana nyingi potofu kuhusu jambo hili huanzia hapo.

Wapo wanaodhani kwamba ruta mpya ikishafika, kisanduku kinaweza kurudishwa kwa wenyewe. Ruta nyingi zinazouzwa madukani hazina modemu, na tundu lake la WAN, yaani la upande wa nje kuelekea kwa mtoa huduma, hupokea waya wa Ethernet tu, kwa hiyo kisanduku kitabaki kikifanya kazi ya modemu na ruta itaunganishwa nacho. Hali ni tofauti pale ambapo laini ya faiba inaishia kwenye kifaa chake chenyewe ukutani, kisha waya wa Ethernet ndio unaoingia kwenye ruta ya kampuni. Hapo ruta ya kampuni huweza kuondolewa kabisa, mradi mteja apate jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE (njia ya kujitambulisha kwa mtoa huduma) pamoja na namba ya VLAN (alama inayotenganisha mitandao inayopita kwenye waya mmoja), iwapo mtandao huo unavitumia.

Dhana iliyoenea kuliko zote, na ambayo hata mafundi huirudia, ni kwamba ruta mbili zikifuatana intaneti haitafanya kazi au itakuwa nzito. Ukweli ni kwamba kurasa zitafunguka na video zitacheza kama kawaida. Kinachotokea ni kwamba anwani hubadilishwa mara mbili, kwanza kwenye ruta yako na kisha kwenye kisanduku, hali inayojulikana kama NAT mbili (NAT ndio ubadilishaji huo wa anwani), na muda unaoongezeka kwa sababu hiyo ni mdogo mno kwa mtu kuuhisi. Taabu huwapata wale wenye mawasiliano yanayoanzia nje kuingia ndani, kwa mfano mchezo wa mtandaoni unaotaka kifaa chako kiwe mwenyeji, kamera unayotaka kuifikia moja kwa moja ukiwa mbali, au seva ya VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali) uliyoiweka nyumbani. Ukifungua poti, yaani mlango wenye namba wa kupokea mawasiliano ya nje, kwenye ruta yako pekee, maombi kutoka nje yatakwamia kwenye kisanduku, kwa sababu chenyewe hakijaelekezwa yapelekwe wapi.

Mtandao unapokatika kabisa baada ya ruta kuunganishwa, mara nyingi chanzo si NAT mbili bali ni anwani zilizogongana. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na anwani ileile, 192.168.1.1, na kisanduku kikiwa nayo, ruta yako nayo ikawa nayo, ruta haiwezi kutofautisha upande wa nje na upande wa ndani, kwani pande zote mbili zinadai kuwa mtaa mmoja. Baadhi ya ruta mpya hulitambua tatizo hili na kujibadilishia anwani. Nyingine hukaa kimya tu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, ibadilishe anwani ya upande wa LAN, yaani wa ndani, iwe 192.168.2.1, iwashe upya, na mambo yatakaa sawa bila kumpigia mtu simu.

Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna jambo jingine la kutazama, nalo ni anwani iliyoandikwa upande wa WAN. Ikianza na 192.168, na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, uko nyuma ya NAT ya mtu mwingine, ambayo karibu kila mara ni ya kisanduku. Baada ya kuizima ruta ya kisanduku, ukiona anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, fahamu kwamba mtoa huduma mwenyewe anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Masafa hayo ya anwani yalitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hapo hakuna mpangilio wa nyumbani utakaofungua poti kwenye IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani), na dawa ni kuomba anwani ya umma au kutumia IPv6 (mfumo mpya), kama inapatikana.

Hilo linatufikisha kwenye hali ya daraja, ambayo wengi huichukulia kuwa dawa ya kila ugonjwa. Ni kweli kwamba kisanduku kikiwekwa katika hali hiyo hubaki modemu tupu, na NAT yake huondoka. Lakini Wi-Fi yake nayo kwa kawaida huzimika, vifaa vilivyochomekwa kwenye matundu yake hukosa anwani, na katika baadhi ya visanduku hata simu ya mezani au televisheni inayopitia humo huathirika. Modemu nyingi za kebo pia hukumbuka kifaa cha kwanza kilichounganishwa nazo, na kwa hiyo ruta haitapata anwani mpaka modemu izimwe na kuwashwa tena. Zaidi ya hayo, kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani hukirudisha kisanduku katika hali ya ruta. Kwa maoni yangu, asiyefungua poti yoyote hana sababu ya kuhangaika na daraja. Na anayetaka Wi-Fi nzuri tu anaweza kuiacha kazi ya ruta kwa kisanduku, akaiweka ruta yake irushe Wi-Fi peke yake bila kugawa anwani.

Kuhusu usalama, baadhi huamini kwamba ruta mbili ni ulinzi mara mbili, kisha huwapa wageni Wi-Fi ya ruta ya ndani wakidhani wamewatenga. Wamefanya kinyume. Kifaa kilicho nyuma ya ruta ya ndani huweza kuvifikia vifaa vilivyounganishwa na kisanduku, ilhali vya kwenye kisanduku haviwezi kuanzisha mawasiliano na vya ndani. Anayetumia mpango huu awaweke wageni kwenye kisanduku.

Kasi nayo ina hadithi zake. Ruta haiwezi kuvuka kiwango cha kifurushi ulichokilipia, na yenye tundu la WAN la Mbps 100 itakupa takriban 94 hata kama kifurushi ni cha 300. Kuacha Wi-Fi zote mbili zikirusha kwenye chaneli moja huzifanya zisubiriane. Kwenye GHz 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11.

Mwisho, kuna wanaoambiwa kwamba kutumia ruta yako ni kosa kisheria. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, mteja ana haki ya kujichagulia ruta na hata modemu, na Marekani sheria ya mwaka 2019 inamkataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ya kukodi kifaa ambacho mteja amejinunulia. Kwingineko, soma mkataba wako. Mara nyingi linalokataliwa humo ni kuiondoa modemu ya kampuni, huku ruta iliyochomekwa nyuma yake ikiwa haikutajwa kabisa.