Je, wajua kwa nini kifaa cha uokoaji hakimsaidii anayepanda mlima wa theluji peke yake?

Wale jamaa wa Uswisi na Austria wanaopanda milima kwa skii (zile mbao ndefu nyembamba za miguuni za kutelezea kwenye theluji), sio wanaobebwa na lifti, nawasema wanaopanda kwa nguvu zao alfajiri huko ndo wakaja kuteleza wakati wa kushuka, karibu kila mmoja ana vitu vitatu: kifaa kidogo cha mawimbi kifuani, fimbo ndefu ya kukunja na beleshi. Sasa akienda peke yake, theluji ikaporomoka ikamfunika, hivyo vitu vinamsaidia nini? Karibu hamna.

Kama unajiuliza skii inapandaje mlima, chini yake wanabandika utepe unaoitwa ngozi. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa angora, na yale manyoya yamelalia upande mmoja kwa hiyo skii inasonga mbele ila hairudi nyuma. Kileleni wanabandua, wanafunga kisigino cha kiatu kwenye skii, safari ya kushuka.

Turudi kwenye kifaa. Kinatoa mawimbi ya redio ya kilohezi 457, ni masafa yaleyale dunia nzima ili cha kampuni hii kisikie cha kampuni ile. Mtu akifunikwa wenzake wanageuza vya kwao viwe vya kutafuta, wanafuata mshale mpaka karibu kabisa, wanachomachoma na ile fimbo mpaka iguse mwili, halafu wanachimba kwa beleshi. Umeona hapo? Kila hatua anaifanya mwenzako. Cha kwako kinaendelea kulia huko chini na hakisikiki mbali, ni makumi ya mita tu, hata mtu aliye bonde la pili hapati kitu. Ndo maana wengine wanasema heri ukivae hata ukiwa peke yako, angalau waokoaji wakija wakupate haraka, sawa, lakini hao waokoaji nani kawaita?

Na kujichimbua mwenyewe sahau. Theluji ikiwa inaporomoka inatiririka, ila ikisimama tu inakamata kama zege, wengi hawawezi hata kusogeza mkono. Kinachoua zaidi ni kukosa hewa, unapumua hewa yako chafu ileile. Takwimu za Uswisi zinaonyesha wanaotolewa ndani ya dakika 10 hivi karibu 9 kati ya 10 wanapona, ikifika dakika 30 wanabaki kama 3. Helikopta za Rega, shirika la uokoaji wa angani la Uswisi, zinakuja haraka ukipiga 1414, lakini dakika 10 hazisubiri mtu aje ashtuke jioni kwamba hujarudi.

Kwa hiyo anayekwenda peke yake kazi yote anaifanya kabla. Kubwa kuliko yote ni mwinamo. Maporomoko mengi ya aina inayoua yanaanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na ramani za swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, zinapaka rangi kila sehemu inayozidi 30, yaani unaweza kuchora njia nzima ukiwa mezani unakunywa chai. Ila angalia, kuwa sehemu tambarare sio kinga kama juu yako kuna mteremko mkali, kuna siku unakanyaga chini tabaka dhaifu linavunjika na mlima unaachia kule juu. Ukisikia theluji inatoa mlio mzito wa kudidimia chini ya miguu, hapo huna cha kujadili, rudi kwa njia uliyojia.

Halafu kuna taarifa ya hatari ya kila siku, kule Uswisi inatolewa na taasisi ya SLF ya Davos, ngazi 1 hadi 5. Cha ajabu vifo vingi vinatokea ngazi ya 3! Siku za 4 na 5 watu wengi hawasogelei, ila 3 iko katikati, macho yanaisoma kama "poa tu" na jua linawaka. Kwa mtu wa peke yake mimi naona 3 ni ya kutembea kwenye miteremko isiyo mikali, basi.

Vifaa vinavyomfaa kweli ni vile anavyoweza kuvitumia mwenyewe. Mkoba wenye puto unavuta mpini linajaa na kukusaidia kubaki juu ya theluji, japo halikuokoi na miti wala mwamba. Kingine ni kifaa cha setilaiti, maana mabonde mengi hayana mtandao, ukivunjika mguu bado unaweza kuomba msaada, na nyumbani umeacha njia yako na saa ya kuanza kukutafuta.

Barafuto, yaani ule mto wa barafu unaoshuka mlimani polepole, ndo usiguse kabisa. Pale kuna nyufa zenye kina kirefu zilizofunikwa na theluji nyembamba, waendao kundi hufungana kamba ili mmoja akidumbukia wengine wamshike, na wewe mwisho wa kamba yako hakuna mtu.