Kabla hujang'oa mita ya LUKU

"Fundi, nikifunga sola si naachana na TANESCO?" Karibu kila mteja wa mjini huniuliza hivyo, nami huomba kwanza kuona jiko na bafu. Paa baadaye. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina paa la kutosha. Kinachovuruga hesabu ni vitu vya kuchemsha. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo hula wati 3,500 hadi 5,500, birika kama 2,000, pasi 1,000 na ushee. Taa kumi za LED, televisheni na feni mbili, vyote vikiwaka pamoja, havifikii hata nusu ya pasi.

Paneli ya wati 400 nayo usitegemee ikupe wati 400. Kipimo hicho ni cha maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati, saa saba mchana, zinafika 60 na kupita, na kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Sola hutaka mwanga; joto ni adui yake. Ndiyo maana huwa nainyanyua paneli juu ya bati ili hewa ipite chini, hata mwenye nyumba akilalamika kuwa haipendezi. Jua la Dar kwa siku ni sawa na saa tano hivi za jua kamili. Toa hasara ya joto, vumbi na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), paneli hiyo inakupa takriban uniti moja na nusu. Nne zinakupa sita, na hizo zinatosha friji, taa, feni na televisheni.

Ila uniti hizo huja mchana, watu wakiwa kazini. Usiku ni wa betri, na betri ndiyo inayokula pesa. Ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina uniti 1.2 kwenye karatasi. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku utaiua mapema, kwa hiyo ihesabie 0.6. Lithiamu unaitumia hadi asilimia 80 au 90 na inadumu miaka mingi zaidi. Siku hizi ya asidi naifunga kwa shingo upande.

Halafu kuna masika. Mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, utahitaji betri za siku tatu, ambazo miezi mingine yote zitakaa tu.

Kwa hiyo mjini jibu langu ni hapana, mita iache. Funga inveta ya haibridi inayotumia sola kwanza, kisha betri, kisha TANESCO. Usiuziwe inveta ya gridi, ile inayotegemea umeme wa TANESCO na isiyotumia betri, ukidhani itakuokoa umeme ukikatika. Nayo huzima, tena kwa makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye waya ambao fundi wa laini ameushika.

Kijijini, nguzo ikiwa mbali na chakula kinapikwa kwa kuni au gesi, sina sababu ya kukwambia usubiri. Paneli mbili na betri moja ya lithiamu ya uniti mbili na nusu zinaendesha taa, televisheni na friji ndogo. Pampu ya kisima ipe paneli zake yenyewe, bila betri: isukume maji mchana hadi tangi lijae, usiku mtayafungulia tu.