Simba na Saa za Giza: Elimu kwa Vijiji Vinavyopakana na Hifadhi ya Saadani

Watu wa mwambao kuanzia Pangani hadi Bagamoyo hawafundishwi kuhesabu mwezi. Bamvua na maji mafu huenda na mwezi, na wanaovua dagaa kwa taa hutia nanga mbalamwezi inapokuwa kali. Hesabu hiyohiyo inamfaa mkulima wa Mkwaja au Matipwili anayelala shambani kulinda mahindi yake, kwa kuwa simba naye hupanga mawindo yake kwa kufuata giza.

Sababu iko katika maumbile yake. Simba ana nguvu nyingi lakini hana pumzi ya kukimbia umbali mrefu, hivyo hulazimika kunyatia mpaka afike karibu sana na nyati au swala kama kuro na tohe kabla ya kuruka, na hata hivyo mara nyingi hukosa. Mbalamwezi humfichua. Swala humwona mapema, hupiga kelele ya kuonyana na kutimua mbio, na simba hubaki na njaa usiku baada ya usiku. Kwa hiyo mwezi unapoanza kupungua, simba huwa ana njaa na giza limemrudia.

Mwaka 2011, Craig Packer, aliyewatafiti simba wa Serengeti tangu mwaka 1978, alichapisha pamoja na wenzake, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Ilionekana kwamba mashambulizi mengi yalitokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne kasorobo usiku, na kwamba yaliongezeka katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi wa kumi na nne huchomoza wakati jua linatua, lakini kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Kufikia mwezi kumi na saba au kumi na nane, kuna saa mbili au zaidi za giza totoro baada ya magharibi, na hizo ndizo saa ambazo watu bado wako nje wakichota maji, wakirudi kutoka dukani au wakienda chooni.

Ni haki kusema pia kwamba sehemu kubwa ya matukio hayo yalitokea Lindi, Mtwara na Rufiji, wala si kwetu. Simba wa Saadani hawaonekani kwa wingi kama wa Serengeti, na kwa kawaida humkwepa binadamu. Makala hii haikusudii kumtia mtu hofu ya kutoka nje.

Kinachomvuta simba mashambani mara nyingi si mkulima, bali nguruwe pori. Nguruwe huja usiku kula mahindi na mihogo, simba humfuata nguruwe, na humo humkuta mlinzi aliyelala kwenye kibanda cha makuti kisicho na mlango. Dungu lililoinuliwa juu kwa nguzo imara, lenye kuta na ngazi inayovutwa juu mlinzi akishapanda, ni kinga bora kuliko moto unaozimika usingizi ukishamchukua mwenyewe. Majani marefu yanayozunguka dungu na njia ya kisimani yafyekwe, kwa sababu simba anahitaji maficho machache sana. Kichaka kinachofika magotini mwa mtu kinamtosha kujilaza asionekane.

Inafaa pia kujua ni simba yupi hupita vijijini. Kundi la simba hujengwa na majike wa ukoo mmoja, yaani mama, dada na mabinti, ambao aghalabu hubaki katika eneo walikozaliwa. Madume vijana hufukuzwa wakiwa na umri wa miaka miwili hadi mitatu, nao ndio aghalabu hupita vijijini, kwani hutangatanga, wakiwa peke yao au na ndugu zao, hadi wapate nguvu ya kulinyakua kundi la wengine. Wakifanikiwa, huua watoto wachanga waliowakuta ili majike wawe tayari kupandwa tena mapema. Ukatili huo una maelezo yake: dume hukaa na kundi kwa miaka michache tu kabla naye hajapinduliwa. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitatu na nusu, kisha huwaficha watoto kichakani kwa wiki sita hivi, na anayewaokota au kuwasogelea hujitafutia balaa.

Simba akionekana au nyayo zake zikikutwa karibu na makazi, taarifa ifike kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo. Uvumi kwamba ni simba wa kutumwa huchelewesha taarifa, na mnyama aliyeonja mbuzi wa boma moja hurudi. Kutegesha sumu kwenye mzoga ni kosa, tena huua tumbusi, fisi na mbwa wa kijiji kabla ya kumfikia simba mwenyewe. Mifugo ikiuawa au mtu akijeruhiwa, eneo la tukio lisivurugwe hadi maofisa wafike, kwa maana malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi, yaani fedha ambazo serikali huwapa walioathiriwa na wanyamapori, hutegemea uthibitisho kwamba mhusika ni mnyamapori, na nyayo zilizokanyagwa na umati hazithibitishi lolote.