Intaneti kama maji na umeme: dhana potofu na ukweli wake

Kila linapotoka pendekezo la kuifanya intaneti iwe huduma ya umma, mjadala hupotea njia mapema, maana wengi hupinga jambo ambalo hakuna aliyelipendekeza.

Dhana: Ikiwa huduma ya umma, itatolewa bure.

Maji ni huduma ya umma na bili yake huja kila mwezi. Kinachobadilika ni wajibu wa anayeiuza: hawezi kumkataa mteja kwa kuwa anakaa mbali, lazima aeleze bei zake mbele ya mdhibiti, wala hakati huduma anavyotaka. Finland ilifanya hivyo. Julai 2010, sheria ilianza kumpa kila mkazi haki ya kuunganishwa kwa kasi iliyokuwa wakati huo angalau megabiti 1 kwa sekunde, kwa malipo. Uingereza nayo ilianza utaratibu wake wa megabiti 10 mwaka 2020.

Dhana: Intaneti ni anasa.

Mtazame kijana anayeomba nafasi ya chuo siku ya mwisho. Fomu inajazwa mtandaoni tu. Amekipiga picha cheti chake, anakipakia, mstari unasogea hadi robo tatu, bando linakata. Anahangaika kupata jingine, akirudi anakuta ukurasa umeshamtoa, aanze upya. Kijana huyu hakuchagua kuutegemea mtandao. Waliochagua ni wale walioacha kupokea fomu za karatasi. Huwezi kufunga dirisha la karatasi kisha ukamwambia mtu kwamba mlango uliobaki ni wa starehe.

Dhana: Tusubiri, soko litafika kila mahali.

Maneno haya yalisemwa pia kuhusu umeme. Katikati ya miaka ya 1930 huko Marekani, ni shamba 1 tu kati ya 10 hivi lililokuwa na umeme, ilhali nyumba nyingi za mijini zilishaupata. Kampuni hazikuwa na roho mbaya, zilipiga hesabu tu: kuvuta waya kilomita nyingi kwa wateja watatu hakulipi. Sheria ya umeme vijijini ya 1936 ndiyo iliyofungua njia, kwa kuwakopesha wananchi kupitia vyama vya ushirika, nao wakasambaza nyaya wenyewe.

Hesabu ya intaneti ni ileile. Gharama kubwa iko kwenye kuchimba mtaro na kulaza mkongo, yaani waya wa nyuzi unaopitisha intaneti, na mtaro haupungui urefu kwa sababu nyumba ni chache. Hata mjini, kampuni tatu kuichimba barabara moja mara tatu ni hasara ambayo mwishowe hulipwa na mteja. Jiji la Stockholm, Sweden, liliona hili mapema. Mwaka 1994 lilianzisha kampuni yake, Stokab, inayomiliki nyuzi na kuzikodisha kwa kila anayetaka, na watoa huduma wakawa wanashindana juu ya mkongo huohuo. Kule Chattanooga, mji wa jimbo la Tennessee nchini Marekani, kampuni ya umeme ya jiji, EPB, ilianza mwaka 2010 kuuza kasi ya gigabiti 1 (megabiti 1,000) kwa sekunde kwa wateja wa eneo lake lote.

Dhana: Tutakuwa tumeipa serikali swichi ya kuzima mtandao.

Hofu hii naiheshimu, ila swichi hiyo ipo tayari. Januari 2011 nchini Misri, serikali iliagiza mtandao uzimwe, na kampuni binafsi zikazima. Kilichokosekana pale ni sheria yenye meno. Wanaotaka intaneti iwe huduma ya umma wanapaswa kudai, ndani ya sheria hiyohiyo, kwamba hakuna kuzima bila amri ya mahakama.

Dhana: Mnara ukishasimama, kazi imekwisha.

Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao bilioni 2.6 hawatumii intaneti. Wengi wao wanaishi mahali ambapo mawimbi yanafika. Kinachowazuia ni bei ya simu janja, bei ya bando na kutofundishwa kutumia. Lengo la kimataifa ni kwamba kifurushi cha msingi kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi, lakini wastani huo unamchanganya tajiri na maskini. Mdhibiti anayehesabu minara hatayaona haya. Azidai kampuni takwimu za walioweza kununua kila mwezi, eneo kwa eneo, na azitangaze.