Baruti inayovunja matumbawe haitoki baharini

Kazi yangu ni kulipua mwamba. Niko kwenye machimbo ya kokoto huku Mbeya, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye dhahabu, Chunya. Jamaa zangu wa Pwani wakinisimulia uvuvi wa mabomu huwa wanadhani wananipa habari za mbali. Si za mbali. Yapo mabomu yanayotengenezwa kienyeji, sikatai, lakini baruti na fataki (viwashio vinavyoilipua) zilizoagizwa kwa ajili ya migodi, barabara na machimbo ya mawe nazo zimekuwa zikifika baharini miaka nenda rudi. Haziwezi kufika huko bila kupita kwanza kwenye stoo ya mtu wa fani yangu.

Huku Nyanda za Juu baruti ina heshima yake. Reli ya TAZARA isingepanda kutoka Mlimba hadi Makambako bila mahandaki 18 yaliyotobolewa milimani. Kwa hiyo msitegemee niiseme kama mtu anayeichukia. Najua tu inafanya nini ikipelekwa pasipo pake.

Kwenye machimbo tunatoboa matundu, tunajaza, halafu tunaziba mdomo wa kila tundu kwa kokoto ndogo ili gesi isikimbilie juu. Nguvu yote tunaitaka ndani ya jiwe. Mlipuko hupiga mara mbili: kwanza wimbi la mshtuko linalopasua, kisha gesi ya moto inayojipenyeza kwenye nyufa na kusukuma. Likishaingia hewani, wimbi lile huchoka upesi. King'ora kikilia na watu wakasogea umbali uliopangwa, tunachoogopa zaidi ni mawe yanayoruka.

Majini ni hadithi nyingine kabisa. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, majini kama mita 1,500. Maji hayabonyei kirahisi, kwa hiyo mshtuko hauchoki upesi kama unavyochoka hewani, na uzito wa bahari unafanya kazi ile ile ninayoifanya mimi ninapoziba tundu. Kopo dogo la baruti ambalo pale machimboni lisingenivunjia hata jiwe moja la maana, chini ya maji linaua kila upande.

Mwili wa samaki, sehemu kubwa ni maji. Mshtuko unapita kwenye nyama bila kikwazo mpaka ukutane na kibofu cha hewa, kile kinachomsaidia kuelea bila kuhangaika. Hewa inabanwa na kutanuka ghafla, kibofu kinapasuka, mishipa ya damu iliyo karibu inachanika. Na kwa kuwa kibofu kimekwisha, samaki wengi hawapandi juu, wanazama. Wenye chombo wanaokota wanaoelea na wale ambao mzamiaji anaweza kuwafikia. Waliobaki wanaozea chini, pamoja na vitoto ambavyo hakuna soko lingevinunua.

Tumbawe lenyewe ni mnyama, mdogo na laini, anayejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake mnaishi mwani wadogo mno wanaomlisha kwa nguvu ya jua. Chokaa ile ni kalisi kaboneti, sawa na mawe ya Songwe yanayochomwa na kusagwa kuwa saruji. Tofauti ni kwamba jiwe la Songwe lina mlima mzima nyuma yake. Tumbawe la matawi limesimama peke yake majini, jembamba, limejaa vitundu. Kulivunja hakuhitaji fundi.

Kulirudisha ndiyo shughuli. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha mita 2 limeanza kujengwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Ya matawi yana mbio zaidi, mengine hufikia sentimita 10 kwa mwaka. Mtu anaweza kusema basi, tusubiri hayo ya matawi. Shida ni kifusi. Mimi kifusi ndicho kinachonilipa mshahara, nakijua tabia yake: hakitulii mpaka kishindiliwe. Kule chini hakuna wa kukishindilia. Kila mawimbi yakija vipande vinaviringika, na kitoto cha tumbawe kilichotua juu yake kinasagwa au kinafukiwa. Huko Komodo, Indonesia, watafiti walifuatilia viwanja vya kifusi kilichoachwa na mabomu kwa miaka kadhaa na hawakuona dalili ya maana ya kupona. Nyavu za kukokota nazo zinavunja matumbawe, hasa zikipitishwa hapo hapo mara kwa mara, ila hilo nawaachia wanaolijua.

Tanzania imekuwa na uvuvi huu tangu miaka ya 1960. Sheria iliukataza mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaukataza tena. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, mabomu yakiwa moja ya sababu. Bado Machi na Aprili 2015, watafiti waliopita pwani nzima wakiwa na vinasa sauti vya majini walirekodi milipuko 318 ndani ya siku 31, mingine ndani ya maeneo ya hifadhi. Asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayonisimamisha. Ingekuwa ni njaa ya mvuvi mmoja mmoja, milipuko ingetawanyika kufuata vijiji. Imejazana karibu na soko kubwa kuliko yote nchini, lenye barabara na lenye wanunuzi. Mimi naiita biashara. Mwaka huo huo kiliundwa kikosi kazi kilichowaunganisha polisi, uvuvi, maliasili na madini, na katika miaka iliyofuata milipuko ikapungua sana. Neno "madini" hapo si la kujazia sentensi.

Mama mmoja muuza samaki pale Mwanjelwa aliniuliza, "Sasa baba, wakishafika huku kwenye barafu, nitamjuaje wa bomu?" Nilimjibu asitegemee ulaini wa nyama, maana barafu ikiyeyuka njiani hata samaki wa ndoana analainika. Ampasue. Aangalie kibofu kilichochanika, damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo, na mfupa uliovunjika ilhali ngozi ya juu ni nzima. Akiyaona yote matatu kwa pamoja, ana sababu nzuri ya kumuuliza aliyemletea.

Narudi stoo. Huwezi kununua, kuhifadhi wala kulipua baruti kihalali bila kibali, na rejista inaandikwa: zimetoka ngapi, zimetumika ngapi, zimerudi ngapi. Tatizo ni kwamba safu ya "zimetumika" inajazwa na mtu, na baruti ikishatumika haiachi ushahidi. Angalau ndivyo wanavyodhani wanaoiba. Ukweli ni kwamba inaacha mlima wa mawe. Kwa mwamba mgumu wa kokoto, kawaida unatumia kama nusu kilo ya baruti kwa kila mita moja ya ujazo, ikipungua au kuzidi kutokana na nyufa na ugumu. Kwa hiyo machimbo yaliyoandika kilo 500 yanatakiwa kuwa yamevunja kitu kama mita za ujazo 1,000 za mwamba, kwa kipimo cha kabla haujawa kifusi. Mkaguzi akikuta 600, aulize kulikoni. Inawezekana mwamba ulikuwa mgumu mno, inawezekana fundi ni mbovu, na inawezekana kuna katoni imepanda lori usiku kuelekea Pwani.

Fataki ni rahisi zaidi kukagua, maana kila tundu lina idadi yake na matundu yanahesabika asubuhi kabla ya kujazwa. Mkaguzi afike muda huo, ahesabu mwenyewe, halafu alinganishe na kilichoandikwa jioni. Wakaguzi wengi niliowaona wanafika saa sita mchana, wanaangalia kufuli mbili mlangoni na kizima moto, wanasaini, wanakunywa soda.